Mfupa wa Ngamia na Barua za Mama

Sogeeni karibu, wanangu. Kaeni mkekani. Aliye nyuma aje mbele. Leo nawasimulia habari ya mfupa.

Ndiyo, mfupa! Bega la ngamia. Mfupa wa bega la ngamia ni mpana, tena bapa, na ukikaa sana juani hugeuka mweupe kama sahani. Zamani hapa Unguja mtoto aliyekwenda chuo cha Kurani hakuwa na daftari. Aliandika juu ya mfupa kama huo, akafuta, akaandika tena.

Mfupa ninaousema mimi ulikuwa mikononi mwa msichana aitwaye Salme. Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, ufukweni, kwenye njia ya kwenda Bububu. Jumba lile leo ni magofu. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake aliitwa Jilfidan. Huyo alitekwa angali mtoto katika nchi ya Wacherkesi, mbali huko kaskazini, akauzwa, mpaka akafika katika jumba la Sayyid. Likumbukeni jambo hilo la Jilfidan. Nitalirudia.

Salme alifundishwa kusoma. Kuandika hakufundishwa, maana wasichana wa jumbani hawakufundishwa kuandika. Basi alifanyaje? Alichukua bega la ngamia, akajificha, akafungua msahafu, akanakili herufi moja moja.

Laiti mfupa ungekuwa na mdomo, ungetuambia hivi: "Alifu yake ya kwanza ilipinda kama mnazi wa pwani. Be yake ilikuwa kama mtumbwi uliopinduka. Nikamwambia, futa, andika tena. Akafuta, akaandika tena. Futa, andika tena. Mpaka siku moja alifu ikasimama wima, na mimi mfupa nikafurahi."

"Mjomba, mbona ulituahidi barua, unatupa mfupa?"

Swali zuri hilo! Mfupa ndio bibi yake barua. Mkono uliozoea mfupa ndio ulioandika barua ninazotaka kuwaonyesha. Ngojeni.

Sasa tuvuke bahari, turuke na miaka. Tarehe 29 Februari 1924, katika mji wa Jena, Ujerumani, alifariki bibi mmoja mwenye miaka 79. Watu wa huko walimwita Emily Ruete. Ni yule yule Salme wetu. Aliacha watoto watatu, wote watu wazima: Antonie, Rudolph na Rosalie. Kila mmoja alikuwa na jina la pili lililotoka upande wa mama. Antonie alikuwa Thawka, Rudolph alikuwa Said, kama babu yake, na Rosalie alikuwa Ghuza.

Mnajua mambo yanavyokwenda mzee akifariki. Watoto hukaa pamoja, hufungua sanduku, hutoa kitu kimoja kimoja. Katika vitu vya Salme mlikuwamo mfuko mdogo. Ndani ya mfuko, mchanga. Mchanga wa pwani ya Zanzibar! Na mlikuwamo muswada.

Muswada ni nini? Ni maandishi ambayo hayajachapwa kuwa kitabu. Ni kama unga ambao haujawa mkate. Muswada huu ulikuwa na jina: Barua za Kwenda Nyumbani. Salme aliziandika kama mtu anayezungumza na rafiki yake wa kike aliyebaki Unguja. Humwita rafiki, humweleza baridi ya Ulaya, humweleza mumewe, humlilia. Wala hakuna hata barua moja iliyotiwa posta.

"Mjomba, ziliandikwa kwa lugha gani?"

Kwa Kijerumani.

"Sasa rafiki yake wa Unguja angezisomaje?"

Ahaa! Mmesikia? Mtoto wa miaka kumi kauliza swali la mtafiti. Njoo nikupe kashata. Hilo ndilo swali la kuuliza kabla ya mengine yote mtu anaporithi karatasi: karatasi hii inasema na nani? Ukitazama lugha, unaona wazi kwamba barua hizi hazikungoja meli. Barua ilikuwa chungu tu, na kilichopikwa ndani ni maisha yake. Kumwambia rafiki "nilikuwa mpweke" ni rahisi kuliko kuwaambia watu wote. Na waliokuwa karibu naye, waliokijua Kijerumani vizuri, ni nani? Watoto wake mwenyewe.

Basi tufanye hivi kila mara. Karatasi ikisema, nasi tuulize. Karatasi imesema, sasa tuulize.

Tuanze na mume. Aliitwa Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kijana kutoka Hamburg, aliyezaliwa 1839. Alikaa Mji Mkongwe, nyumba yake jirani na ya Salme. Mnazijua nyumba za Mji Mkongwe. Ukuta huu na ukuta ule, katikati kichochoro, na juu paa bapa lililopigwa sakafu, ambapo watu hupunga upepo jioni. Paa la Heinrich lilikuwa chini ya paa la Salme. Salme aliwatazama wageni wakila na kucheka kule chini. Wakafahamiana, wakapendana. Tena hawakuhitaji mkalimani, kwa sababu Heinrich alikijua Kiswahili.

Penzi lile lilikuwa la hatari. Yeye binti wa Sayyid, Mwislamu. Bwana ni Mkristo, mgeni. Na Salme akawa mjamzito. Ndugu zake wangelijua lile, pasingekalika. Baba alikwisha kufariki tangu 1856, mama naye 1859. Kaka yake Majid ndiye aliyetawala. Na Majid alikuwa na jambo lake na Salme, maana katika mwaka huo wa 1859 kaka mwingine, Barghash, aliasi, na katibu wa waasi alikuwa nani? Salme, msichana wa miaka 15, kwa sababu alijua kuandika. Mwaona mfupa ulivyomfikisha mbali.

Usiku wa tarehe 24 Agosti 1866 Salme aliteremka pwani, akapanda mashua, akaingia manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, chini ya nahodha Pasley. Alikuwa amebakisha siku sita atimize miaka 22. Meli ikampeleka Aden.

Na watu wa pwani hawakumwona? Walimwona, ila hawakushangaa. Usiku ule ulikuwa wa Siku ya Mwaka, na kila mtu alikuwa akishuka baharini kuoga.

Hapo nasikia mtoto wa Makunduchi akinuna. "Mjomba, huo ni uongo! Sisi tunakoga mwaka mwezi wa Julai. Wewe wasema Agosti."

Mwacheni anune, ana haki. Karatasi imesema, sasa tuulize. Mwaka wetu wa zamani, ule wa Nairuzi, una siku 365, basi. Hauongezi siku. Kalenda ya ukutani, kila baada ya miaka minne, huongeza siku moja, tarehe 29 Februari. Sasa fikiri watu wawili wanatembea barabarani. Mmoja kila baada ya hatua kadhaa anasimama kidogo kufunga kiatu. Mwingine hasimami. Je, watabaki pamoja? Hawatabaki. Yule asiyesimama atatangulia kidogo kidogo. Nairuzi ndiyo isiyosimama. Kila miaka minne hutangulia siku moja. Toka 1866 mpaka leo ni kama miaka 160, basi imetangulia karibu siku 40. Toka katikati ya Julai songa mbele siku 40, unaangukia wapi? Mwisho mwisho wa Agosti! Basi tarehe na sikukuu zinapatana. Kijana wa Makunduchi ameuliza, na swali lake limethibitisha usiku ule kuliko maneno yangu mia.

Na angalieni jambo moja dogo. Salme alifariki tarehe ngapi? Ishirini na tisa Februari. Siku ile ile ambayo Nairuzi haina. Silielezi, nawaonyesha tu.

Aden alikaa miezi tisa akimngoja Heinrich amalize shughuli zake Unguja. Tarehe 30 Mei 1867 Heinrich alifika. Siku hiyo hiyo Salme alibatizwa, akapewa jina Emily, na siku hiyo hiyo wakaoana. Kisha wakashika safari ya Hamburg.

Hapa, wanangu, nawaomba mnyamaze kidogo.

Salme alitoa kitabu mwaka 1886, huko Berlin, cha kumbukumbu za maisha yake. Kitabu kizuri, kimesomwa dunia nzima. Alianza kukiandika miaka tisa kabla, kwa ajili ya watoto wake, kwa sababu alidhoofika, akaogopa kufa kabla hawajajua yeye ni nani. Ukikisoma kitabu kile, utaona Aden, utaona ubatizo, utaona ndoa. Humo hamna mtoto. Lakini mtoto alikuwapo. Alizaliwa Aden mwezi Desemba 1866, akaitwa Heinrich kama baba yake. Akafariki mwaka 1867 akiwa bado mchanga, safarini, katika nchi ya Ufaransa.

"Mjomba, tumejuaje, kama mama mwenyewe hakusema?"

Kwa sababu wengine waliandika. Konseli, yaani mwakilishi wa serikali ya kigeni, aliandika barua zake. Nahodha aliandika. Watafiti wakazitafuta karatasi hizo mbali mbali, wakaziweka kando ya kitabu, wakaona pengo na wakaona kilichokuwa ndani ya pengo.

Mmemwona mama akipika wali wa nazi? Hukuna nazi, hutia maji, hukamua kwa kifumbu. La kwanza kutoka ni tui zito. Akitia maji tena na kukamua chicha ile ile, hutoka tui jepesi. Yote ni tui, na yote yana kazi yake, lakini halimpotei mpishi lipi ni lipi. Maneno ya aliyekuwapo siku ile ni tui la kwanza. Maneno ya aliyesikia kwa mtu aliyesikia kwa mtu ni tui la pili. Muswada wa Salme ni tui zito. Barua ya nahodha ni tui zito pia, ila la nazi nyingine! Na hadithi ninazozisikia barazani kuhusu binti yule, na ni nyingi, ni tui jepesi. Nazipenda. Lakini nikiziandika, nasema wazi kwamba ni jepesi.

Na sisi tunaosimulia, tukae kimya mbele ya kaburi la mtoto. Tunataja kwamba alizaliwa, alipewa jina, alifariki. Alichosikia mama njiani Ufaransa hatumtungii. Mkeka ukiwa na tundu, usilizibe kwa gazeti ukasema ni ukindu.

Turudi Hamburg. Hapo ndipo muswada unaposema sana. Kitabu cha 1886 kinapita Ulaya mbio mbio, barua zinakaa kitako. Humo ndimo Salme anapoeleza baridi, milango iliyofungwa, Kijerumani kinachokataa kuingia kichwani, macho ya watu yanayomfuata. Na kando yake Heinrich, anayesema naye Kiswahili ndani ya nyumba, huku nje theluji. Fikirini! Katika mji wa Hamburg, mwaka 1868, mume na mke wanaulizana habari kwa Kiswahili.

Antonie alizaliwa Machi 1868. Rudolph, Aprili 1869. Rosalie, Aprili 1870. Mwezi wa Agosti 1870 Heinrich aliumia vibaya alipokuwa akishuka kwenye tramu, gari la reli la mjini lililovutwa na farasi. Tarehe 6 akafariki. Alikuwa na miaka 31.

Hesabuni miaka ya watoto siku ile. Antonie, miwili na kidogo. Rudolph, mwaka mmoja na miezi mitatu. Rosalie, bado hajatimiza miezi minne. Nani kati yao angeikumbuka sauti ya baba? Hata mmoja.

Sasa mrudisheni Rudolph mbele ya lile sanduku, mwaka 1924. Ni mtu mzima wa miaka 54. Baba yake hamjui ila kwa picha na kwa maneno ya mama. Mama naye ametoka kufariki. Anafungua muswada, na humo ndani baba yake anatembea, anaongea, anamshika mkewe mkono, anamfundisha mambo ya mji mgeni. Mimi nimesoma mengi kuhusu historia ya Zanzibar, vita na mikataba na masultani. Hakuna linalonishika koo kama jambo hilo: mwana amemkuta babaye ndani ya karatasi za mamaye.

Na muswada ungekuwa na mdomo? Nadhani ungesema hivi: "Miaka mingi nililala gizani nikisikia watoto wakikua. Niliwajua kabla hawajanijua. Rudolph aliponifungua sikupiga kelele. Karatasi haipigi kelele. Nilingoja asome polepole."

Rudolph hakuwa mtu wa kurithi na kufungia. Alikuwa mtafiti mwenyewe. Mwaka 1929 alitoa kitabu London kuhusu babu yake, Said bin Sultan, babu aliyefariki miaka kumi na miwili na nusu kabla yeye hajazaliwa. Karatasi za mama alizipeleka Uholanzi, katika mji wa Leiden, kwenye taasisi ya wataalamu wa nchi za Mashariki, zikatunzwa. Zikalala huko. Mwaka 1993 mtaalamu wa huko, van Donzel, alizichapa barua zile kwa Kiingereza pamoja na kumbukumbu za 1886. Toka sanduku mpaka kitabu, miaka 69. Unga ule ulichelewa kuwa mkate, lakini haukuoza, kwa sababu uliwekwa pakavu na kwa watu waaminifu.

Niliahidi kurudi kwa Jilfidan. Nimerudi.

Katika kitabu cha 1886 Salme aliutetea utumwa. Aliandika kwamba Wazungu hawauelewi, kwamba mambo si mabaya kama wanavyodhani. Na mama yake mzazi alitekwa akiwa mtoto, akauzwa! Majumba aliyokulia yaliendeshwa kwa mikono ya watu waliouzwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, naye aliandika miaka kumi na mitatu baada ya hapo.

"Mjomba, sasa tumpende au tusimpende?"

Mimi nampenda msichana wa mfupa. Namwonea huruma mjane wa Hamburg. Na kurasa zile za utumwa nasema ni kosa, kosa kubwa, wala sizikati ninaposimulia mbele yenu. Mtu akikuletea chungu cha urithi chenye ufa, humwambii mnunuzi ni kizima. Tena ulizeni la zaidi: wale waliomchotea Salme maji, waliompepea, waliombeba, muswada wao uko wapi? Hawakuachiwa kalamu, hata bega la ngamia. Mtafiti mwema akimaliza kusoma karatasi ya mwenye jumba, hwenda kuwatafuta na hao, kwenye orodha za mahakama, kwenye nyimbo, kwenye majina ya mitaa, kwa wajukuu. Nataka mmoja wenu aifanye kazi hiyo. Sitanii.

Salme amelazwa Hamburg, makaburi ya Ohlsdorf, pamoja na Heinrich wake. Ule mfuko wa mchanga aliingia nao kaburini.

Sasa nyie. Nyumbani kwenu kuna sanduku? Au mfuko wa plastiki juu ya kabati, wenye barua, cheti cha ndoa cha babu na bibi, picha zilizoinama pembe? Nendeni mkalitazame, lakini kwa ruhusa ya mkubwa. Mikono iwe mikavu. Chai ikae mbali. Karatasi iliyochanika msiibandike kwa utepe wa gundi, wala wino uliofifia msiupitie kalamu. Chukueni penseli, andikeni nyuma ya picha, polepole bila kukandamiza: huyu ni nani, hapa ni wapi, mwaka gani. Na penye swali, mwulizeni bibi. Mwulizeni alikutana wapi na babu, siku ile alivaa nini, nani alikuwapo. Andikeni kwa maneno yake mwenyewe, na mtie tarehe.

Mwulizeni leo, kabla ya magharibi.